Maji Yaliyokuja Bila Wingu

Jumatatu, tarehe 8 Agosti 1994, sikukuu ya Nane Nane. Jua kali, upepo wa kusi, anga halina wingu hata moja.

Hilo la wingu ndilo Ludovick alilolitazama kwanza walipofika ufukweni Kunduchi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkaguzi wa njia ya reli pale Gulwe, akitembea kila asubuhi na nyundo na spana, na kazi yake kubwa ilikuwa kuyajua makorongo: lini mchanga mkavu utageuka mto na kula tuta la reli. Wingu likiwa jeusi upande wa Mpwapwa, unasimamisha treni. Anga likiwa jeupe, hata kulala humo mchangani unaweza.

Usingizi alikuwa nao. Usiku kucha yeye na mkewe Debora walikaa wima kwenye behewa la daraja la tatu, na jioni hiyo hiyo treni ingewarudisha. Debora alikuwa akiiomba bahari tangu mtoto wao wa kwanza, Ruthu, yuko mgongoni. Kila likizo, pasi ya reli ya kusafiri bure ikiwa mkononi, Ludovick alisema mwakani. Safari hii alisema twende, wala hakueleza kwa nini. Sababu ilikuwa mfukoni mwa koti lake: barua ya kupunguzwa kazi. Kazi ingekwisha mwisho wa Septemba, na nyumba ya reli airudishe. Alijiapiza kumwambia kabla hawajapanda treni.

Maji yalikuwa yamekupwa, yako mbali. Ludovick alitandika khanga katikati ya mchanga, akaweka koti na viatu juu yake.

"Baba Ruthu, njoo umwone huyu! Macho yamekaa juu ya vijiti!"

Kaa mdogo, rangi ya mchanga, aliinua gando moja kama anayesimamisha gari, kisha akatimka ubavu ubavu. Debora, na magoti yake mabovu, alimkimbiza huku akicheka. Halafu akasimama. Kaa walikuwa wengi, na wote walielekea juu.

"Wanahama hawa. Kama siafu kwetu kabla ya mvua."

"Tazama juu, Mama Ruthu. Mvua iko wapi?"

Ludovick hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliketi juu ya jiwe, kope zikamshinda.

"Mzee! Mzee wee! Koti lako linaogelea!"

Alikuwa mwanamke wa hapo, ndoo ya chaza kichwani. Watoto waliokuwa naye walimwita Bi Batuli.

"Nyie watu wa bara! Nani kawaambia muanike nguo kwenye njia ya maji?"

"Mvua haijanyesha," alisema Ludovick.

"Mvua! Baba yangu, haya yanajaa kila siku, tena mara mbili!"

Debora alikwisha kuingia majini hadi kiunoni. Khanga ilikwenda, viatu vya Ludovick vilikwenda, koti alilidaka. Alitoa karatasi mfukoni isije ikaharibika, akaikunjua juu ya jiwe, akaigandamiza kwa kombe la chaza. Ndipo akaanza kuisoma, kidole chini ya mstari, polepole kama asomavyo Zaburi.

Ludovick alingoja hadi kidole kikasimama.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Tukifika Gulwe?"

"Leo."

"Kwa hiyo hii ndiyo pasi ya mwisho."

"Ndiyo."

"Na mimi njia nzima nafurahi, nasema hatimaye amenikumbuka."

Debora aliketi kando ya mumewe, akaiangalia bahari.

"Basi usiniharakishe. Treni ni saa kumi na moja."

Maji yalipanda hadi yakagusa jiwe.

"Sogea huku," Debora alisema. "Unalowa."

Walishuka Gulwe alfajiri, Ludovick akiwa peku. Asubuhi hiyo hiyo alivaa viatu vya kazi, akachukua nyundo na spana.

"Ukirudi tukae tuzungumze habari ya nyumba," Debora alimwambia kutoka mlangoni. Alikuwa analianika koti, lina michirizi myeupe ya chumvi.

"Sawa."

Karibu na daraja alikuta bolti moja imelegea. Akapiga magoti, akaikaza.