Nanasi la Juu ya Mafiga

Siku niliyoanza kazi sikupewa chupa hata moja kuishika. Nilipewa bilauri na kitambaa. Hoteli ilikuwa hapa hapa Songea mjini, ya sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, nami nilikuwa kijana mwembamba mwenye shati la kuazima. Meneja wa Baa, mtu mfupi aliyetembea mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, aliinua bilauri niliyoiosha, akainusa, akanirudishia. Nikaiosha upya. Akainusa, akanirudishia tena. Mwisho alisema neno ambalo vijana niliowafundisha baadaye walichoka kulisikia kinywani mwangu.

"Kasian, bilauri ikinuka samaki, hata maji yatakuwa samaki. Pua kwanza, mkono baadaye."

Nawaandikia ninyi mnaosimama nyuma ya kaunta leo, mnaomimina pombe kali kwenye soda ya kuongeza nguvu na kuiita kokteli. Sina ugomvi nanyi. Au tuseme ninao kidogo, lakini nitaumeza. Nataka tu mjue kazi hii ilikuwaje, na jinsi kinywaji kimoja nilichokipenda kuliko vyote kilivyotokea nyumbani kwangu Ruhuwiko, na jinsi kilivyonitoka.

Nilikaa kwenye bilauri muda mrefu hadi ngozi ya vidole ikawa kama ya mzee. Ndipo nikapewa jiga, yaani kile kikombe kidogo cha chuma cha kupimia pombe. Meneja hakutaka kusikia habari ya kukisia kwa macho. Alisema jicho la mhudumu humpendelea mteja anayecheka, na jiga haimjui mtu. Nilimwogopa sana bwana yule, na leo ningetoa kitu kikubwa kumsikia akinirudishia bilauri tena.

Kutoka hapo nilihamishiwa Mbamba Bay, kwenye nyumba ya wageni ya kando ya ziwa. Msimamizi pale alikuwa mama mmoja Mnyasa, mwenye sauti nzito na mkono mwepesi. Ndiye aliyenifundisha sheka, kopo la chuma lenye mfuniko ambamo kinywaji hutikiswa pamoja na barafu. Mimi nilitikisa kwa nguvu zangu zote, wageni wakigeuka kutazama, nikajiona bingwa. Mama akanijia taratibu.

"Baba, unatwanga. Barafu ina mdomo, isikilize."

Ni kweli inao. Mwanzoni hugonga kwa kishindo, kisha sauti inalainika na kuwa nyingi ndogo ndogo, na kopo linaanza kukuuma vidole kwa baridi. Hapo unaacha. Ukizidisha umetengeneza maji.

Mbamba Bay ndiko nilikompeleka Editruda, mke wangu, tukiwa wapya. Kwao ni Lusewa, kwa wakulima wa tumbaku, watu wasiopenda kazi isiyotoa jasho. Alikuwa mwanakwaya na hakunywa pombe maisha yake yote. Aliponiona kazini mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Akawaambia ndugu zake kwamba ameolewa na mwanaume anayelipwa kwa kutikisa kopo. Utani huo ulinifuata hadi Iringa, nilikopelekwa baadaye, ukarudi nami Songea nilipoitwa kuwa Mkuu wa Baa katika hoteli ile ile ya sakafu nyekundu.

Hapo tukajenga Ruhuwiko. Nyumba ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake jiko la nje, la udongo, kama alivyotaka yeye. Juu ya mafiga Editruda alifungisha uchaga, yaani fito zilizopangwa kama kitanda na kuning'inizwa chini ya paa, kama ulivyokuwa kwa mama yake. Pale alitundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na fukusi. Na pembeni ya mahindi alitundika nanasi. Ndugu zake walipoleta mananasi mengi kuliko tulivyoweza kula, aliyakata mapande ya duara, akayatunga kwenye kamba kama samaki, akayaacha huko juu hadi yakawa ya kahawia na kutafunika kama ngozi. Watoto waliyala siku ambazo mboga ilikuwa haba. Mimi sikuyajali. Nilidhani ni mambo ya Lusewa.

Kisha wakaja wahandisi wa barabara, na pamoja nao tekila. Pombe hii hutoka kwenye mmea ulio ndugu wa mkonge wetu. Moyo wake huokwa, maji yake yakachachuka, yakakenekwa. Iko aina ambayo moyo huo huokwa shimoni kwa kuni, nayo hutoka na moshi ndani. Mhandisi mmoja alikuwa amezoea kokteli ya aina hiyo, ya matunda na moshi, akaiomba. Sisi tulikuwa na tekila nyeupe ya kawaida, isiyo na moshi wowote. Mkurugenzi wa hoteli akaniita pembeni, akasema mgeni huyu asiambiwe hakuna. Kisha akaenda zake, kama wafanyavyo wakurugenzi.

Asubuhi yake nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa Editruda, nikimweleza shida yangu. Alikuwa anasonga ugali na hakugeuka. Alinyoosha mkono juu, akachomoa pande la nanasi, akanipa nitafune ninyamaze. Nikalipeleka kinywani, lakini pua ikawahi. Nilikaa nalo mkononi, ugali ukaiva, nikaitwa kula na sikusikia.

Siku ile nilikwenda kazini na kamba nzima ya nanasi ndani ya kikapu. Nawapa sasa namna ya kufanya, maana mtu anaweza kuifanya nyumbani bila kaunta wala tai. Loweka mapande ya nanasi la moshi katika maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa asali ya miombo, uyaache hadi yalainike, kisha uyakamue na kuchuja. Katika sheka weka vipimo viwili vya tekila, kipimo kimoja na nusu cha maji yale ya nanasi, pesheni moja, na ndimu nusu. Jaza barafu, tikisa, sikiliza. Paka mdomo wa bilauri ndimu, uuchovye kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili kavu ya kusaga. Chujia humo. Usiongeze kitu.

Mhandisi alikunywa, akainusa bilauri. Kisha akauliza moshi umetoka wapi. Nilimwambia umetoka Ruhuwiko. Kinywaji tukakiita Mafiga, na kwa miaka yote iliyobakia watu walikuja kutoka Mbinga na Tunduru kukiuliza kwa jina.

Editruda hakukionja. Lakini kila niliporudi, kabla sijavua viatu, aliuliza neno moja tu: "Wamesemaje?" Nami nilisimama penye mlango wa jiko nikamweleza. Huyu kasema kinamkumbusha kwao. Yule kaomba cha pili kabla ya kumaliza cha kwanza. Mwingine kasema kikali mno. Hapo alinuna kidogo, akisema huyo hana ulimi. Siku nilizochoka nilifupisha nikasema wamesema wanataka tena, naye akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye sufuria yake. Katika kazi yangu yote nimesifiwa na watu wakubwa, ila sifa niliyoingoja ilikuwa ile ya kumpelekea yeye.

Nilistaafu kwa keki na hotuba. Hoteli ilibadilika, sakafu nyekundu ikafunikwa vigae. Mwaka juzi Editruda aliugua, na hakukaa sana.

Alipoondoka palikuwa na kamba moja ya nanasi juu ya uchaga. Sikuigusa kwa muda. Baadaye nikaanza kuchomoa pande moja kila Jumapili baada ya misa, sikulichanganya na chochote, nililinusa tu na kulitafuna polepole. Kamba inapungua hata ukijifanya huioni. Jumapili moja nilinyoosha mkono nikashika uzi mtupu.

Niliona si kitu, nitatengeneza nyingine. Mimi ni mtu wa kazi hii. Nilitundika nanasi juu ya jiko la mkaa, nikachoma magome ya msuku, mti wa porini kwetu, moshi ukajaa ua mzima, jirani akaja kuuliza kama nyumba inaungua. Nanasi lilitoka jeusi na chungu kama dawa. Nikaenda Lusewa kwa shemeji yangu, mdogo wake Editruda, ambaye bado analima tumbaku ya moshi. Ulikuwa msimu wa kukausha, bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, limejaa majani, moto wa magogo unafuka chini mchana kutwa. Shemeji akasema moshi ni moshi, tuyatundike humo humo. Mtoto yeyote wa mkulima wa tumbaku anajua chakula hakilali ndani ya bani, maana hunywa sumu ya tumbaku, nasi wazee wawili tulifanya hivyo hivyo kwa tamaa. Nilitafuna pande moja, kichwa kikazunguka, nikashika nguzo nisianguke. Shemeji alicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli, na mimi nikamfuata. Tulikuwa tunamtafuta mtu mmoja.

Niliporudi, binti yangu Benigna alikuwa na habari. Yeye ni mwalimu, amerudi kuishi nami na wanawe. Mvua za msimu uliopita zilikuwa zimepasua ukuta wa nyuma wa jiko la mama yake, na watoto hupenda kucheza humo. Ndani ya nyumba sasa kuna jiko la gesi. Alikuwa ameshazungumza na fundi aje alibomoe kabla mvua mpya hazijaanza.

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia angoje nife kwanza. Benigna hakupandisha sauti. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, akaingiza vidole vyake kwenye ufa, vikazama hadi kiganjani. Nikaona. Ukuta ulikuwa unaegemea huruma tu.

Nikaomba nipewe muda hadi mvua zitakapokaribia. Nilikaa humo ndani kwenye kigoda changu nikitazama juu, fito zote nyeusi, zinang'aa masizi. Nikajiuliza alikuwa akifanya nini ambacho mimi sikifanyi. Jibu lilinijia kwa aibu, kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Alikuwa akipika. Hakuwahi hata siku moja kuwasha moto kwa ajili ya nanasi. Moshi ule ulikuwa wa maharage ya leo na ugali wa kesho, wa chai ya watoto, wa maji yangu ya kuoga. Ulipanda kidogo kidogo, ukapoa, ukapanda tena. Haraka yangu ndiyo iliyokuwa uchungu.

Basi nikanunua mananasi ya mwanzo ya msimu, nikayakata, nikayatunga, nikayatundika. Kwa wajukuu nikajifanya mlinzi wa zamu: hakuna mtoto kukanyaga mle. Kisha mimi, ambaye kwa ndoa yote sikuwahi kusonga ugali wangu mwenyewe, nikaanza kupika kwenye mafiga ya mke wangu. Maharage yangu ya kwanza yaliungua. Ugali ulikuwa na madonge ambayo wajukuu waliyahesabu kwa sauti. Benigna alikuja mara kwa mara kusimama mlangoni, kwa hofu ya ukuta. Siku moja alinikuta nikipuliza moto huku natokwa machozi, akauliza kama ni moshi. Nikamwambia si yote.

Mawingu yalipoanza kukaa juu ya milima ya Matogoro, nanasi lilikuwa la kahawia. Nililishusha. Sikulinusa pale, niliogopa. Benigna alikuwa amenunua chupa ndogo ya tekila mjini, akijificha asionekane na watu wa kwaya, kwa kuwa na yeye huimba kama mama yake. Niliosha bilauri, nikaziosha tena. Nikatikisa, barafu ikasema ilichosema siku zote. Nikamchujia binti yangu.

Alilowesha midomo tu. Akafumba macho, akashusha bilauri magotini.

"Baba," akasema, "hii ni kanga ya mama. Ile aliyonifunika nayo nilipokuwa na homa."

Akanywa tena, mara hii kweli, na alipomaliza aliniuliza kama kimebaki. Nilikuwa sijaonja bado. Nikampa na changu.

Vijana, mtaniuliza nilijifunza nini katika kazi yangu, na najua mnataka neno zuri la kuandika ukutani. Sina zaidi ya lile la Meneja wangu. Pua kwanza. Mkiwa na jiko la kuni nyumbani na mtu anayepika humo, tundikeni nanasi juu yake mapema, na muwe mnarudi nyumbani.

Fundi alikuja asubuhi na nyundo yake. Nilimwomba aningoje nje kidogo. Benigna alitaka kunizuia kwa sababu ya ukuta, kisha akaniacha. Niliingia, nikasimama pale pale mlangoni nilipokuwa nikimjibu Editruda kabla ya kuvua viatu.

"Wamesema wanataka tena," nikamwambia.

Nikatoka, nikamruhusu fundi aanze.