Presha ya Refa Erasmo

Erasmo alizaliwa Kighare, juu milimani, lakini jina alilipatia Makanya, kwenye joto na vumbi. Siku za kazi alichimba jasi, mawe meupe ya kutengenezea saruji; Jumapili alikuwa refa. Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, wachezaji walicheza pekupeku na mpira ulishonwa na fundi viatu, lakini filimbi ya Erasmo haikukosa kulia. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nene, na alipenda ubishi kuliko chakula.

Presha yake ilijulikana kwa bahati tu. Alimsindikiza mkewe, Lukia, zahanati kutibiwa malaria, na muuguzi Ernesta akampima na yeye. Ilikuwa juu. Akapewa vidonge, akameza, ikashuka. Iliposhuka, akaacha kumeza. Ikapanda tena. Mara nyingine dawa zenyewe ziliadimika, akarudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye biashara zilipofunguliwa, maduka ya dawa yakachipuka Same mjini na vidonge vikapatikana. Erasmo hakuwa tena na kisingizio, ila alikuwa na utaratibu wake: alimeza siku kichwa kikimgonga, na asubuhi ya mechi.

"Dada Ernesta, mashine yako imezeeka," alimwambia siku moja. "Juzi nilikuwa juu, leo niko chini. Nikiwa chini si nimepona?"

"Mashine ni nzima, kaka Erasmo. Anayeyumba ni wewe. Presha ikipanda na kushuka ovyo hivyo, mishipa inaumia na moyo unachoka, hata siku ambazo husikii kitu."

"Moyo wangu unakimbia dakika tisini!"

"Ndiyo maana nauhurumia."

Erasmo akacheka mpaka nje ya geti.

Jumapili moja Makanya ilicheza na vijana wa Same mjini. Dakika za mwisho, mshambuliaji wa Same akaanguka ndani ya boksi. Erasmo akapuliza filimbi, akakimbia hadi kwenye boksi, akaanza kuinua mkono kuonyesha uamuzi wake. Mkono haukufika juu. Kifua kilimbana kama kilichofungwa kamba, jasho la baridi likamtoka, akakaa chini palepale.

"Anaigiza huyo! Anaogopa kutoa penalti!" watu wakapiga kelele.

Aliyeona kwamba si mchezo ni Koileken, mfugaji aliyekuja mnadani akabaki kutazama mpira. Alivuka uwanja na rungu lake, akambeba Erasmo mikononi na kumpandisha kwenye lori la jasi lililokuwa likielekea Same. Lukia akarukia nyuma, akaketi juu ya magunia, khanga imejaa vumbi jeupe.

Hospitali walimwambia moyo umeumia, ila amewahishwa. Siku zilizofuata timu zote mbili zilituma wajumbe wodini, na machungwa, wakiulizia hali ya mgonjwa. Kisha wote wakanong'ona swali lilelile: ilikuwa penalti, au haikuwa?

"Nimekatazwa kupandisha presha," Erasmo akajibu akifumba macho. "Nendeni salama."

Ernesta alipofika kumwona, alitarajia ubishi. Erasmo alimshika mkono tu.

"Nilikusikia, dada. Nilidhani ukijisikia vizuri ndiyo umepona."

"Wengi mnadhani hivyo," Ernesta akasema. "Kuanzia sasa meza kila siku, ujisikie vizuri au vibaya."

Akameza kila siku, na chai ya asubuhi, Lukia akimkodolea macho mpaka kidonge kishuke kooni. Chumvi ikapunguzwa, akanung'unika wiki kadhaa, kisha akaizoea. Vipimo vikatulia, vikawa vilevile kila alipokwenda kupimwa. Ukimbiaji wa uwanjani aliuacha. Akawa anawafundisha marefa vijana sheria za mpira, ameketi kivulini, sauti ileile nene.

Mwaka uliofuata walipanda Kighare kwa harusi ya mpwa wake. Walipanda taratibu, wakipumzika kila kona yenye upepo, na Erasmo akimsimulia Lukia habari za utotoni mwake ambazo zamani, kwa sababu ya haraka zake, hakuwahi kuzimaliza.