Sukari ya Bure

Asubuhi ile baba alikuwa akitaniana na wateja dukani, nami nimekaa juu ya kaunta nikila njugu. Mama alizaliwa Unguja, akaolewa Uganda, ndiyo maana nyumba yetu ya Kihindi ilisema Kiswahili zaidi kuliko Kigujarati. Alituletea na adabu ya kwao: ukikaribishwa chakula, unasema umeshiba. Mwenyeji anakusihi, unakataa tena. Akisihi mara ya tatu, basi kanuia kweli. Nawa mikono ule. Baba hakukulia adabu hiyo. Aliipata kwa mama, akaishika kumshinda mama mwenyewe.

Sukari ilikuwa imeadimika mjini. Mchana lori la jeshi likasimama mbele ya duka, limejaa magunia.

"Muhindi, kuja chukua sukari ya serikali!" askari mmoja alimwita baba.

Baba aliweka mkono kifuani. "Ahsante, afande. Tunayo."

"Kuja tu, bwana. Ya bure!"

Akakataa tena. Askari akateremka, akamshika mkono kirafiki. "Ndugu yangu, utanivunjia heshima?"

Baba akapanda kuchagua gunia.

Lori likaondoka.

Mama alilikimbilia miguu mitupu mpaka njia panda. Hatukumwona baba tena, hai wala maiti.

Haukupita muda, Waasia tukafukuzwa nchini. London tulipata chumba kimoja Queensbury, mama akawa anashona zipu kiwandani. Mdogo wangu Salim ndiyo kwanza ameanza shule, na shule ikasema watoto kama sisi tutapewa chakula cha mchana bure. Mama aliposikia neno hilo aliweka sindano chini.

"Nani anatoa? Anataka nini?"

"Ni gavamenti, mama."

"Gavamenti ilimpa baba'ko sukari. Wanangu nitawalisha mwenyewe."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini alichokuwa nacho ni mkate na chai, na mkate wenyewe ulizidi kuwa mwembamba. Shuleni Salim alisema ameshiba, na wapishi wakampita. London husihiwi, ukisema umeshiba, unaaminiwa. Nilikuwa nikimkuta akinyonya ukosi wa sweta lake, nikatamani kumpiga mtu, sijui nani.

Siku moja akaanguka uwanjani.

Jioni mpishi wa shule, Bi Noreen, mama wa Kiayalandi, alibisha hodi kwetu na sahani iliyofunikwa. Mama akakataa. Bi Noreen akambembeleza. Mama akakataa. Akambembeleza tena, machozi yanamlengalenga. Mama akafunga mlango, akauegemea.

"Umemwona anavyosihi?" aliniuliza. "Aliyemsihi baba'ko hivi ndiye aliyemchukua."

Salim alikuwa amelala kitandani, midomo imemkauka. Mama alimtazama usiku huo kwa muda mrefu.

Kesho yake hakwenda kiwandani. Alivaa koti juu ya sari, akatushika mikono. "Nikichukuliwa," aliniambia njiani, "mkamate Salim, kimbieni kwa jirani. Usinifuate mimi."

Katika ukumbi wa chakula alikwenda moja kwa moja hadi meza ya wapishi. "Mwambie naanza mimi," alisema. Nikamfasiria Bi Noreen. Akapewa samaki na viazi.

Alikula amesimama, uso mlangoni.

Akangoja.

Nje gari likapunguza mwendo. Kijiko kikamganda mkononi.

Gari likapita.

Akamsogezea Salim sahani.

"Nimeshiba," Salim akasema.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

"Kula, nakuomba."

"Nimeshiba."

"Salim, nakusihi."

Akala mpaka akalamba sahani. Bi Noreen aligeukia sinki. Mama hakuondoa macho mlangoni.

Siku hizi redioni huuliza ni mzazi gani huyo asiyeweza kumlisha mwanawe. Mimi huizima. Nilimjua mmoja, na hakuna aliyejitwika mzigo wa wanawe kumshinda.

Mama ameshafariki, na baba hana kaburi la kumzika mama kando yake. Baba alipanda lori lile kwa adabu aliyofundishwa na mkewe, na mama alilijua hilo kila siku aliyoishi. Tangu mchana ule wa shuleni, mgeni wetu akisema ameshiba, mama alikuwa akiondoa sahani papo hapo, bila neno. Watu walimwona bahili. Mtu wa mwisho mama kumsihi alikuwa Salim.