Kanda ya Baba

Tangu tumzike mama, kila jirani akizima stovu, ule moshi wa utambi na mafuta ya taa hunirudisha kwenye chumba chetu cha Huruma, si ile ya Nairobi, jioni ile kanda ya baba ilipofika.

Baba alikuwa kibarua wa mjengo, akiimba kwenye harusi za watu. Kisha bendi moja ikamchukua Nairobi, na huko akarekodi wimbo. Siku hizo mwimbaji alitaja watu wake ndani ya wimbo, na mama alijua hivyo. Alizima stovu maharagwe yakiwa bado magumu, ili asikie vizuri.

Sauti ya baba ikajaa chumba. Alimtaja fundi aliyemfunza gitaa. Akamtaja dereva wa bendi, mwenye baa, na marafiki zake wa kijijini Ziwa. Kila jina likija, mama aliinamia redio ya kanda.

"Ni sasa," aliniambia. "Watu wa nyumbani huwekwa mwisho."

Shangazi, aliyeileta kanda, akacheka. "Ndugu yangu anapenda tumbo lake. Hawezi kusahau anayempikia."

Wimbo ukaisha. Tukageuza kanda. Upande ule mwingine ulikuwa gitaa tupu, bila maneno. Shangazi akaanza kutafuta viatu vyake.

"Nirudishie mwanzo," mama akaniambia. "Pengine alinitaja wakati nilikuwa naongea."

Nikarudisha. Safari hii mama aliziba mdomo kwa leso mpaka wimbo ukaisha.