Nilichomea vibaya ekseli ya jipu, nikamsingizia mwenzangu

Wakuu, salaam aleikum kwa wenye kuipokea, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni mzee wa Mombasa, kazi nimeshaiacha. Nilisoma hadi kidato cha nne tu, mtaniwia radhi. Lakini haya niliyatenda mwenyewe na sitayaremba.

Miaka mingi nilikuwa fundi wa welding Shimanzi, malori ya bandarini. Nilifanya kazi na Swaleh wa Mji wa Kale, niliyekua naye. Mimi nachomea, yeye anapima kwa uzi na pima maji.

Ijumaa moja akaja Bwana Mwakio, mkaazi wa Kizingo, na gari lake la jipu. Alikuwa akienda nalo shambani kwake Taita, njia ya mawe, akataka ekseli ya mbele itiwe nguvu. Nazungumzia housing, lile bomba nene la chuma linalobeba difu, ile gia ya katikati, na magurudumu. Njia mbaya hulipinda, kwa hivyo huongezewa bamba kwa chini.

Nikamwambia, "Leo leo utaondoka nalo."

Hapo nikajifunga.

Swaleh akaniita kando. "Yakhe, ishushe hiyo ekseli. Toa vya ndani, uifunge kwenye boriti ya chuma iliyonyoka. Choma kidogo huku, kidogo kule, uiache ipoe yenyewe."

"Hiyo kazi ya siku mbili."

"Basi mwambie siku mbili."

Nikapaza sauti mafundi wote wasikie. "Hili ni jipu, Swaleh, si kanzu! Wataka kulipima upindo?"

Wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Kwa wasiojua: weldi ikipoa hujikaza, ikavuta chuma upande wake. Kwenye chassis nene ya lori huenda usione. Kwenye bomba la jipu utaona.

Mimi nilichoma nikiwa nimelala chini ya gari, upande mmoja, bila kupumzika. Kisha nikaimwagia maji ipoe upesi kabla ya sala. Maji yale yalikuwa kosa baya zaidi. Chuma kikipozwa hivyo kando ya weldi huwa kigumu, lakini hukatika.

Swaleh akavuta uzi wake. "Imepinda. Na hayo maji je? Ifumue."

"Ikibeba uzito itajinyosha."

Nilijua nasema uongo.

Wiki ya tatu ekseli ikakatika pale pale, kando ya weldi yangu. Jipu likaingia mtaroni. Bwana Mwakio alitoka mzima. Mkewe alivunjika mkono, na haukupona sawasawa.

Akaja karakana. "Nani aliyelipitisha gari langu?"

Mafundi wote walikuwa wakinitazama. Nikasema, "Vipimo ni kazi ya Swaleh."

Nilingoja anikanushe. Akakunja uzi wake, akatoka.

Kazi zikamkimbia. Kila mlango wa Shimanzi aliambiwa, wewe ndiye wa lile jipu. Akaishia kuwatandikia watalii vinyago karibu na Ngome ya Yesu. Mimi niliendelea na kazi, na nilikuwa nikipita njia nyingine nisimwone.

Mwaka huu nilikwenda kwake. Alinisimamisha mlangoni, hakunikaribisha ndani. Walio wa kwetu wanajua uzito wa hilo. Nikakiri yote.

Akasema, "Wanieleza mimi? Mimi nilikuwapo. Kawaeleze wao."

Nikaenda. Karakana sasa ni uwanja wa makontena. Katika mafundi wale nimewapata wawili tu. Mmoja hakumbuki kitu.

Wa pili nilimweleza mwanzo hadi mwisho, kwamba ni mimi. Akanishika bega. "Una roho nzuri wewe. Hata leo bado wamtetea Swaleh!"

Nikaapa. Akazidi kunisifu.

Wenye magari, msikubali ekseli ichomewe ikiwa garini. Mafundi, mkikosea semeni siku ile ile, wakati waliosikia bado wako mbele yenu. Mimi nilichelewa.

Bwana Mwakio na mkewe nasikia walihama, bado nawatafuta.

Toeni maoni, hata makali nitayasoma. Na kama kuna aliyewahi kulisafisha jina alilolichafua mwenyewe, anieleze alianzia wapi.