Kamera ya Uani

Mara ya kwanza mama alianguka akianika dagaa. Akainuka mwenyewe, akanificha wiki nzima, mpaka nikaambiwa na jirani. Presha ilikuwa imempanda, au imemshuka, hata yeye hakujua, kwa sababu dawa alizimeza siku alizozikumbuka. Nikaenda Micheweni kumtaka aje akae nami Madungu, mjini Chake. Akanisikiliza vizuri, akanipa chai, kisha akaniuliza kuku wake nitawaweka ghorofa ya ngapi. Nyumba yangu haina ghorofa. Nikarudi Chake peke yangu nimefura kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoninunulia kamera.

Mimi ni mtu wa ofisini, na watu wa ofisini tuna ugonjwa wa kuamini kwamba kila jambo lina kifaa chake. Nilifunga kamera mbili. Moja mbele, ikitazama baraza na njia. Ya pili uani, juu ya mlango wa jiko, kwa kuwa uani ndiko mama alikokuwa akiishi. Chumbani alikwenda kulala tu. Ruta ya laini ya simu niliihamisha huku na kule siku nzima nikitafuta mtandao, nikaishia kuiegemeza kwa tofali kwenye dirisha la nyuma. Hapo ilishika vijiti viwili. Mvua ikinyesha mama akafunga dirisha, kilibaki kimoja, na kimoja hakikuvuta kitu.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Pemba mwaka wa uchaguzi hata ukitundika kopo watu watauliza ni la chama gani. Mzee mmoja alinisimamisha nikishuka ngazi, akataka kujua hizo picha zinakwenda kwa nani. Nikamwambia zinakuja kwangu. Hakuonekana kufarijika.

Basi nikaanza maisha yangu mapya ya kumtazama mama kutoka mezani kwangu ofisini. Simu inalia kunijulisha kuna kitu kinatembea uani. Nafungua. Duara linazunguka, linazunguka, chai inapoa, na picha ikija nakuta ukuta, kwa kuwa aliyekuwa akitembea ni kuku na kuku mwenyewe keshakwenda zake. Nikashusha ubora wa picha ili ije upesi. Nilishusha mpaka mama akawa vipande vipande vya mraba, nikawa namjua kwa rangi ya kanga. Picha haikutiririka, iliruka. Mama yuko mlangoni. Mama yuko kisimani. Katikati hapo aliruka hewani, ukiisadiki kamera yangu.

Sasa nieleze habari ya ua ule, maana hapo ndipo nilipokosea. Tangu nina akili zangu, kila baada ya sala ya alasiri wanawake wanne watano wa jirani hukusanyika uani kwa mama kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, kwa sababu pana kivuli na pana maji. Wakishaingia huvua baibui na ushungi, wakaketi mkekani vichwa wazi, mikono wazi, wakasema watu kwa raha zao. Mwanamme hakatizi, hata awe wa nyumba hiyohiyo. Anakohoa mlangoni na kungoja wajisitiri. Mimi nimekohoa kwenye mlango wetu tangu nilipoanza kuota ndevu.

Kwenye kamera sikuwaona. Wiki ya kwanza ua mtupu, wiki ya pili ua mtupu, mama peke yake akisuka ukili wake. Na mimi, mwenye akili timamu na cheti ukutani, nikaulaumu mtandao. Nilijiambia laini inazidiwa alasiri watu wanaporudi na kuwasha simu zao, kwa hiyo kamera inazikosa saa zile. Nikabadilisha laini. Nikanunua antena, nikaisimamisha juu ya boriti ndefu hadi mama akaniuliza kama natafuta kuzungumza na mwezi. Niligombana kwa simu na fundi wa mjini ambaye hakuwa na kosa lolote. Kila nikimpigia mama kumwuliza wenzake, alinijibu hawajambo, wana shughuli zao, na mimi nikaridhika. Nilikuwa nimetundika jicho la mwanamme juu ya kichwa cha kila mwanamke aliyekuwa akimfaa mama yangu, na haikunipitia akilini hata siku moja. Naona haya mpaka leo kuliandika.

Siku yenyewe nilifungua simu baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, mgongo kwenye kamera. Nikafurahi, nikaweka simu chini, nikaendelea na mafaili. Baadaye nikafungua tena: bado anakuna nazi. Mara ya tatu nikawaza ni nazi gani hii isiyokwisha. Ndipo nilipoitazama saa iliyo pembeni ya picha. Ilisema saa nane na dakika kumi. Ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu.

Nikafunga, nikafungua. Duara. Nikatoka nje, nikainua simu juu kama aombaye mvua, ingawa tatizo halikuwa upande wangu na nililijua hilo. Kisha picha ikaruka. Mbuzi ya nazi ilikuwa imelala ubavu. Mama alikuwa chini, mguu mmoja umejikunja vibaya, kanga imempanda juu ya paja. Hakusogea. Lakini katika kamera ile hakuna kilichokuwa kikisogea, kwa hiyo sikujua kama ni yeye asiyesogea au ni picha.

Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia jirani yake, ambaye nyumba zao zimetenganishwa na ua wa makuti tu. Hakupokea. Nikapiga tena, akapokea, nikamwambia mama kaanguka uani, mbio. Akakata papo hapo. Nikarudi kwenye picha na kusimama pale nikiitazama, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya, nimo katikati ya uwanja wa ofisi na watu wananipita wakinisalimu.

Picha ya kwanza iliyokuja, jirani yuko mlangoni, baibui kamili, ushungi kaubana kama anakwenda msibani. Picha ya pili, kainama juu ya mama. Picha ya tatu ilikuwa uso wake, mkubwa, chini ya kamera kabisa, ananitazama. Halafu yakaja maua mekundu ya kanga, na ua wote ukafichika nyuma yake.

Nilimpigia nikamwuliza kama mama yu hai.

"Yu hai," alisema. "Nguo zimempanda, mwanangu. Hii kanga siitoi. Ukitaka kumwona mamako, njoo."

Mwenzangu wa ofisini alinichukua kwa gari lake. Njia nzima nilikuwa nimeikodolea macho simu, nikiitazama ile kanga. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Kanga ilipepea taratibu, haikukwama hata mara moja.

Nilipofika, uani mlijaa sauti. Walikuwa wamekuja wote, wale wa mwani, kwa kuwa kamera ilikuwa imefunikwa. Nikakohoa mlangoni. Wakaniambia ningoje, nikangoja, nikiwasikia wakimtuliza mama na yeye akigumia, nami siwezi kuingia kwetu. Waliponiruhusu nilimkuta mkekani, kichwa juu ya mapaja ya jirani. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walituthibitishia baadaye, na hakutembea tena bila mtu wa kumshika.

Kabla hatujamwinua nilipiga magoti, nikamwuliza kwa nini hakupiga ukelele. Jirani alikuwa hapo tu, nyuma ya makuti, angemsikia hata akinong'ona. Kulala chini zaidi ya saa nzima na watu wako karibu hivyo! Nilimgombeza, kwa kweli, kwa hofu niliyokuwa nayo.

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Nimwite nani, na weye waniona?" alisema. "Nlikupungia mpaka nkono ukachoka. Nkajua u njiani."

Kwani si mimi niliyemwambia, siku ya kufunga kamera, kwamba popote nilipo nitakuwa nikimwona. Usiku ule, yeye amelazwa, nilizipitia picha zote zilizohifadhiwa, moja moja. Kutoka saa nane na dakika kumi hadi saa tisa na nusu hakuna kitu.