Safari ya Salala Iliyoishia Hatta

Mume wangu aliendesha mabasi ya shule hapa Dubai kwa miaka ishirini na saba, na alipostaafu wakampa saa ya ukutani. Niliifurahia mimi kuliko yeye. Nilisema sasa nitapata mwenzangu wa kukaa ndani. Mimi ni mtu wa nyumbani, sifichi. Safari yangu ndefu kwa siku ilikuwa kutoka jikoni kwenda roshani kuangalia nguo, na kwa jua la mtaa wetu wa Deira nguo hukauka hujamaliza kuanika, kwa hivyo hata hiyo safari ilikuwa fupi.

Kiangazi cha mwaka ule ule tukaenda kwa daktari wa macho, mtaa wa Oud Metha. Niliingia naye chumbani kwa sababu yeye akiumwa, mimi ndiye msimuliaji. Daktari akasema jicho la kulia limekwisha kufa upande, halioni vya pembeni, na la kushoto linafuata taratibu. "Kuendesha gari, mzee, anza kuacha."

Mume wangu akamshukuru kwa adabu. Kisha akaturudisha nyumbani, yeye mwenyewe kashika usukani.

Siku ya tatu nikasikia honi chini. Nikachungulia, nikaona karavani, gari nyeupe kubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani. Yeye amesimama pembeni yake kama bwana harusi.

"Nini hicho?"

"Arbab wangu, yule tajiri wangu wa zamani wa kazini, kaniazima mwezi mzima. Tunakwenda Salala, Oman. Saa hizi kule kunanyesha, umande mpaka mlangoni, utadhani Unguja."

"Na daktari?"

"Daktari kasema nianze kuacha. Basi naanza. Huu ndio mwanzo."

Ningemkatalia. Mdomo ninao, watu wote wa jengo letu ni mashahidi. Lakini nilijua anachokitaka: njia ndefu mara moja tena, aimalize kwa mikono yake, kabla mtu hajamwambia shuka. Nikapakia mchele, nazi sita, mbuzi ya kukunia, kinu cha thomu, misala miwili, chetezo na udi, na mapazia.

"Unahama?" akaniuliza.

"Wewe ndiye uliyeleta nyumba. Mimi naingia na vyombo vyangu."

Tukatoka asubuhi. Mji ukaisha, mchanga ukawa mwekundu, halafu milima ikaanza kujitokeza, mikavu, rangi ya jivu. Ndipo nilipogundua kwamba hasomi vibao. Alikuwa anaendesha kwa mazoea, njia aliyopeleka watoto wa shule matembezini miaka yote. Nikaanza kusoma kwa sauti, kama mtu anayejifurahisha.

"Hatta, kilomita thelathini."

"Nani kauliza?"

"Najisomea. Nilisomeshwa mpaka kidato cha nne, na kazi pekee niliyoipata ni kusoma maandishi ya mifuko ya mchele. Niache leo nijinafasi."

Akacheka. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nakodoa macho yangu mawili kwa ajili ya watu wawili.

Karibu na mji wa Hatta nikainama kidogo kuokota kanga iliyoanguka. Nilipoinua kichwa, upande wa kulia, ukingoni kabisa mwa lami, kulikuwa na mtu mwenye ovaroli ya buluu anasukuma baiskeli. Karavani ilikuwa inamwendea moja kwa moja.

"Mtu! Mtu! Mtu!"

Nikaushika mkono wa mume wangu nikausukuma kushoto. Gari ikayumba, masufuria yakamwagika, tukaenda kusimama kwenye kokoto. Nikageuka kutazama. Yule mtu alikuwa amesimama na baiskeli yake, mzima. Akainua mkono, kama vile yeye ndiye mwenye kosa, akaendelea na safari yake.

Nikachemsha chai, maana sikujua jengine la kufanya.

Kwetu mke na mume wakikasirikiana hawasemeshani ana kwa ana. Maneno hupitishwa kwa mtoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako sili. Watoto wetu wakubwa, wana nyumba zao. Kwa hivyo nikaliweka birika mbele yetu.

"Birika, mwambie baba yako yule mtu alikuwa mkubwa kama mlango."

Naye akaligeukia birika. "Birika, mwambie mama yako jua lilinipiga usoni."

"Mwambie jua lilikuwa juu ya paa."

Kikombe kilikuwa mkononi mwake, hanywi. Halafu akaniangalia mimi, akasema na mimi.

"Sikumwona. Nimekusikia ukipiga kelele, nikatazama, bado sikumwona. Mpaka sasa hivi sijamwona. Alikuwa mtu wa umri gani?"

"Kama mwanetu mkubwa."

Akakiweka kikombe chini. "Mabasi yote yale," akasema. "Unadhani lilianza lini hili jicho?"

"Hukumgonga mtoto hata mmoja."

"Najua. Nataka kujua yalikuwa macho yangu au bahati."

Akachomoa ufunguo akanipa.

"Mimi sijui kuendesha," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakupa."

Tukampigia simu mwanetu mkubwa. Alasiri akaletwa na rafiki yake, hakuuliza mengi, akakaa kwenye usukani. Mimi nikakaa mbele. Baba yake akaenda nyuma kukaa kitandani, uso kaelekeza kwenye pazia langu, na gari ikageuzwa kurudi Dubai.

Hakutazama nje. Lakini baada ya muda tukasikia sauti yake, ile aliyokuwa akiwatulizia watoto wa shule: "Mbele inakata kushoto, shika upande wako." Ikakata kushoto. "Hapa hutoka mbuzi." Mbuzi wawili walikuwa kivulini. Kila kona aliijua kabla hatujaifika.

"Sasa punguza, baba. Kuna tuta."

Tuta lilikuwa limekwisha ondolewa. Palikuwa na lami mpya tu, nyeusi, sawasawa. Mwanangu akaniangalia. Nikamwashiria apunguze. Akapunguza mwendo, tukapita pale polepole, kama inavyotakiwa.